Mgongo unaopinda ukubwani: matundu madogo au kufungua wote?

Swali: "Daktari, mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 63, naishi Tanga. Mwaka wa sita sasa mgongo wangu unapinda. Aliyenigutusha ni fundi wangu wa cherehani, aliponiambia kila gauni langu lazima apandishe pindo la upande wa kulia. Siku hizi nikitembea dakika tano paja la kulia linawaka moto kwa mbele mpaka gotini. Nikiinamia meza ya genge napata nafuu. Jioni nikiosha vyombo naegemea karo kwa viwiko. MRI imesema nimepinda digrii 34 na diski tatu za kiunoni zimekwisha. Kipimo cha uimara wa mifupa ni hasi 2.8. Daktari mmoja amenishauri nifunguliwe mgongo kuanzia kifuani mpaka kwenye nyonga niwekewe vyuma. Mwanangu aliyeko Muscat anasema huko wanafanya kwa matundu madogo, siku tatu uko nyumbani. Nifuate lipi? Na je, nitaweza tena kusujudu?"

Shikamoo Mwalimu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonishika zaidi ya zile digrii 34 ni karo. Mtu anayeosha vyombo ameegemea viwiko ananiambia jambo ambalo MRI yake haikulisema: kwamba ikifika jioni kiwiliwili kinamwangukia mbele, na misuli ya mgongo imechoka kukivuta kirudi. Kabla ya kuchagua kati ya tundu dogo na mkato mrefu, inabidi tujue kichwa chako kinakaa wapi ukiwa umesimama, na kama mgongo huo bado unanyumbulika. Hayo mawili hujapimwa. Mpaka yapimwe, hakuna daktari, awe wa Dar es Salaam au wa Muscat, anayeweza kukuambia kwa uhakika upasuaji wako ni upi.

Unayo matatizo matatu yanayoishi nyumba moja. La kwanza ni mshipa wa fahamu unaobanwa kiunoni. Ndio unaokuchoma pajani, na unapata nafuu ukiinama kwa sababu ukiinama njia ya mshipa inapanuka. La pili ni kupinda kwenda upande, ambako fundi wako alikuona kabla ya madaktari. La tatu ni kuinama mbele. Yote yameanzia kwenye diski. Diski ni mto mdogo kati ya pingili mbili. Ikisagika sawasawa, mtu anafupika tu. Ikisagika zaidi upande mmoja, pingili ya juu inalalia upande huo, iliyo juu yake inaifuata, na upande ulioporomoka mshipa unabanwa kama kidole mlangoni. Hukujisababishia kwa kusimama ubaoni miaka yote ile, na godoro lako halina kosa.

Niseme kidogo kuhusu kifua kikuu, kwa sababu kwetu huku mgongo ukipinda ghafla na kutokeza kibiongo chenye ncha, kwanza tunauliza TB ya mgongo. Hiyo huja na kupungua uzito, jasho la usiku na homa, na hutibiwa kwa dawa kwa miezi mingi kabla ya mtu kufikiria vyuma. Ulivyoeleza wewe, diski tatu kuisha polepole kwa miaka sita, hakufanani nayo. Hata hivyo mwombe daktari athibitishe kwa kuiangalia tena MRI hiyo.

Nirudi kwenye karo. Mwaka 2005 Steven Glassman na wenzake wa Marekani walipima picha za watu wazima wenye migongo iliyopinda wakazilinganisha na maisha yao ya kila siku. Kilichoendana zaidi na maumivu na kushindwa kazi kilikuwa ni kiwiliwili kusogea mbele ya nyonga, kuliko ukubwa wa kupinda kwenda upande. Mwangalie mama anayetoka kisimani na ndoo kichwani. Ndoo ikiwa juu ya nyonga zake anatembea huku anapiga soga. Akiinama mbele kidogo tu, mgongo mzima unakaza. Kichwa na kifua chako ndiyo ndoo hiyo, na unayo kichwani kutwa nzima. Jean Dubousset, daktari wa Ufaransa, aliuchora mfano wa pia iliyosimama kwa ncha kuzunguka miguu ya mtu: kichwa kikibaki ndani ya pia, kusimama hakugharimu nguvu, kikitoka nje, mwili unalipa. Unalipa kwa kukunja magoti, kwa kuvuta nyonga nyuma, na mwisho kwa kutafuta karo.

MRI hupigwa umelala, na ukilala hakuna ndoo. Kwa hiyo kipimo cha kwanza ninachokuomba ni eksirei ya mgongo mzima ukiwa umesimama, ya mbele na ya ubavuni, kuanzia shingoni mpaka vichwa vya mapaja vionekane. Usishike ukuta wala fimbo. Nyoosha magoti kadiri uwezavyo, na vidole viguse mifupa ya mtulinga ili mikono isifunike mgongo. Mwambie mpigaji usimame dakika kadhaa kwanza ndipo apige, kwa maana ukipigwa mara tu umeinuka kitini picha itakuonyesha wa asubuhi, na mimi namtaka wa jioni. Kisha upigwe nyingine umelala chali.

Katika ile ya ubavuni tunashusha mstari wa wima kutoka pingili ya saba ya shingo, sawasawa na fundi mwashi anavyoshusha timazi. Mstari huo ukidondoka zaidi ya sentimita 5 mbele ya ukingo wa nyuma wa sakramu, ule mfupa wa chini kabisa unaobeba mgongo, basi unaanguka mbele. Tunapima pia fupanyonga. Kila mtu mzima ana umbo lake la fupanyonga lisilobadilika, na umbo hilo ndilo linaloamua kiuno chake kiwe na mbonyeo kiasi gani. Mbonyeo na pembe ya fupanyonga zinatakiwa zikaribiane, tofauti isizidi digrii 10 hivi. Diski zikiisha, mbonyeo unapotea na tofauti inakua. Picha ya kulala inatuonyesha ni kiasi gani cha tofauti hiyo kinarudi chenyewe: kikirudi kingi, mgongo wako bado laini, kisiporudi, umeshaganda. Hapo ndipo swali lako la matundu linapoanza kujibika.

Historia inanifanya niwe mkali katika jambo hili. Paul Harrington wa Houston alianza kunyoosha migongo kwa fimbo za chuma kwa watoto waliopooza kwa polio, akachapisha matokeo yake mwaka 1962, na aliokoa maisha mengi. Fimbo zake zilivuta mgongo uliopinda upande ukanyooka. Lakini zilipofika kiunoni zilinyoosha na mbonyeo pia. Miaka ilipopita, wengi wa wagonjwa hao walionyooka vizuri kwa mbele walianza kutembea wameinama, magoti yamekunjwa, wakitafuta mahali pa kuegemea. Kosa hilohilo linaweza kufanywa leo kwa matundu madogo na vifaa vya bei mbaya. Madaktari wa mwanzo wa njia hii waliligundua wenyewe: walisahihisha kupinda upande, lakini mbonyeo waliourudisha ulikuwa mdogo kuliko uliohitajika.

Nilimwona mwenyewe mama mmoja, muuza samaki, aliyefanyiwa hivyo mbali na hapa. Makovu yake yalikuwa madogo kama mikwaruzo ya paka, na picha yake ya mbele imenyooka. Aliingia chumbani kwangu amesukuma kiti cha plastiki mbele yake ili apate pa kushika. Ilibidi tumfungue upya, safari hii kwa mkato mrefu, na alikaa wiki nyingi akipona kitu ambacho kingefanywa mara moja. Mkato mdogo haukumsaidia kwa sababu lengo halikupimwa.

Sasa nikueleze upasuaji wa matundu madogo wenyewe, kwa sababu neno hilo linabeba vitu vitatu tofauti. Cha kwanza ni kufungulia mshipa tu: bomba jembamba linapitishwa kwenye mkato wa sentimita mbili hivi, na mfupa unaobana unachongwa. Hizo siku tatu za mwanao huenda ni za huo. Unafaa kwa mtu ambaye maumivu ni ya mguu peke yake na mgongo umetulia. Kwako ungenitia wasiwasi, maana kuchonga mfupa katikati ya mahali panapopinda kunaweza kuondoa kigingi kilichokuwa kikizuia, na kupinda kukazidi.

Cha pili ndicho ninachokifikiria kwako: kuingia kwa ubavuni. Njia hii ilienezwa na Luiz Pimenta wa Brazili na wenzake wa Marekani, ambao makala yao ya mwaka 2006 ndiyo iliyoijulisha kwa wengi. Unalazwa kwa ubavu, unapewa usingizi, na mkato wa sentimita tatu mpaka tano unafanywa kati ya mbavu na nyonga. Daktari anaingiza kidole, anasukuma mfuko wa tumbo mbele taratibu, anafika kwenye msuli mnene uitwao soasi. Mishipa ya fahamu ya paja inapita ndani ya msuli huo. Kwa hiyo kila hatua anatanguliza kijiti chenye umeme mdogo, na mtaalamu aliye pembeni anatazama kwenye skrini kama msuli wa paja umeshtuka. Ukishtuka, anarudi nyuma na kutafuta njia nyingine. Akishapita, anatoa diski iliyokwisha na kupachika kikasha kipana cha titani au plastiki ngumu, ambacho sisi hukiita keji, chenye unga wa mfupa ndani ili pingili mbili zishikane. Keji hiyo inakaa kwenye kingo zote mbili za pingili, mahali mfupa ulipo imara zaidi. Upande ulioporomoka unainuka. Nimeisimamia mara nyingi na bado inanifurahisha: kwenye skrini ya eksirei unaiona pingili iliyolala miaka inasimama, na njia ya mshipa inafunguka bila mshipa wenyewe kuguswa.

Cha tatu kinafuata siku hiyohiyo au siku chache baadaye. Unalazwa kifudifudi, skrubu mbili kwa kila pingili zinaingizwa kupitia mikato midogo kwa kuongozwa na eksirei, na fimbo inasokotwa chini ya ngozi kutoka skrubu moja hadi nyingine. Faida kubwa hapa ni misuli. Katika upasuaji wa wazi misuli hubanduliwa kutoka kwenye mfupa, na hiyo ndiyo misuli unayoihitaji ikushike jioni kwenye karo. Kwa matundu haibanduliwi. Damu inayopotea ni kidogo, vidonda haviambukizwi kwa urahisi, na kesho yake unasimamishwa.

Hasara nazo nikupe zote. Baada ya kupitia soasi, wengi wanaamka na ganzi ya paja la mbele au udhaifu wa kunyanyua mguu kupanda ngazi. Kwa wengi unaisha ndani ya wiki au miezi michache, kwa wachache unabaki. Diski ya mwisho kabisa, iliyo juu ya sakramu, haifikiki kwa ubavuni kwa sababu mfupa wa nyonga umeziba njia. Na uwezo wa kurudisha mbonyeo una kikomo. Praveen Mummaneni na wenzake walitoa mwongozo mwaka 2014 wa kuchagua wagonjwa, na ninaufuata mpaka leo: tofauti kati ya mbonyeo na fupanyonga ikiwa chini ya digrii 30 na mgongo bado unanyumbulika, matundu yanaweza kutosha. Ikizidi 30 na mgongo umeganda, panahitajika kukata mfupa na kuupinda upya, na kazi hiyo kwa kawaida ni ya wazi.

Kwa hiyo daktari aliyekushauri kufunguliwa kutoka kifuani mpaka nyonga huenda hakukosea. Kama picha ya kusimama itaonyesha mgongo mgumu ulioanguka mbele sana, nitakuwa upande wake. Lakini ujue uzito wake. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia wagonjwa 272 waliofanyiwa upasuaji mgumu wa aina hiyo. Zaidi kidogo ya mmoja kati ya watano alitoka hospitali nguvu za miguu zikiwa zimepungua kuliko alivyoingia. Baada ya miezi sita alikuwa karibu mmoja kati ya kumi. Wale walikuwa wagonjwa wenye migongo migumu kuliko wengi. Hata hivyo namba hiyo uiweke mbele ya daktari wako, umuulize yake.

Ikiwa tofauti yako itakuwa, tuseme, digrii 20, na picha ya kulala inaonyesha inarudi, ningekushauri keji za ubavuni kwenye zile diski tatu na skrubu kwa matundu, na kifua chako nisikiguse.

Lakini si mwezi huu. Ile hasi 2.8 inanisumbua kuliko yote. Kuanzia hasi 2.5 kushuka tunauita mfupa uliomomonyoka, na skrubu kwenye mfupa huo ni kama msumari kwenye ukuta wa udongo uliolowa. Keji inaweza kuzama ndani ya pingili, na pingili iliyo juu ya skrubu ya mwisho inaweza kuvunjika na kukuangusha mbele upya, iwe ulifanyiwa kwa matundu au kwa mkato. Mfupa utibiwe kwanza. Ziko sindano za kila siku za teriparataidi zinazojenga mfupa mpya. Ninapenda mgonjwa azitumie miezi mitatu mpaka sita kabla ya thieta na aendelee nazo baadaye. Zikishindikana kwa bei, ipo asidi ya zoledroniki, dripu moja kwa mwaka, ambayo huzuia mfupa usiendelee kumomonyoka. Pima vitamini D. Jua la Tanga ni kali, lakini mwanamke anayejisitiri mwili mzima na kukaa kivulini ngozi yake hailioni, na upungufu ni wa kawaida kuliko watu wanavyodhani. Pima wastani wa sukari yako ya damu kwa miezi mitatu iliyopita. Na kama unatafuna tambuu yenye tumbaku, iache kabisa, kwa sababu nikotini inazuia pingili kushikana, na pingili zisiposhikana fimbo itakatika siku moja, haidhuru ni imara namna gani.

Wakati huo wa kusubiri haukupotezei kitu. Utafiti wa Amerika ya Kaskazini uliochapishwa mwaka 2019 uliwafuatilia kwa miaka miwili watu wa miaka 40 mpaka 80 wenye ugonjwa kama wako. Waliopasuliwa walipata nafuu, wasiopasuliwa kwa wastani walibaki walivyokuwa. Kubaki ulivyo si raha, lakini maana yake unao muda wa kujiandaa. Fanya mazoezi tiba ya kuimarisha misuli ya mgongo na makalio, tembea ukisukuma kigari au kiti cha magurudumu kitupu, na uulize kama unaweza kuchomwa sindano ya kutuliza ule mshipa. Usinunue diklofenaki dukani mwezi hadi mwezi. Figo na tumbo vya mtu wa miaka 63 haviihimili. Kinachofuta subira yote ni mguu kulegea, ganzi sehemu unazokalia, au mkojo kugoma ama kukutoka bila kujua. Hapo unakwenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Kuhusu kusujudu, nashukuru umeuliza, kwa sababu wengi huona haya na sisi hatuulizi. Sijda inafanywa zaidi na nyonga na magoti. Ukiunganishwa pingili za kiunoni peke yake na nyonga zako nzima, mfupa ukishashika, miezi sita mpaka kumi na miwili, wagonjwa wangu wengi hurudi kwenye mkeka. Rukuu inakuwa ngumu kidogo kuliko zamani. Kabla ya hapo sali kwenye kiti. Ukiunganishwa kutoka kifuani mpaka fupanyonga, hesabu inabadilika. Kiwiliwili kinakuwa kipande kimoja. Kuosha miguu wakati wa kutawadha, kuvaa viatu, na hata kufikisha mkono nyuma kujisafisha chooni, kunaweza kukushinda. Jaribu wewe mwenyewe: mwombe mjukuu akufunge kanga mbili kwa kubana kutoka kwapani mpaka nyonga ukiwa umekaa wima, kisha ujaribu kuifikia soksi. Ulizia kabla ya kusaini, na uandae nyumba yako, choo cha kukalia na kopo lenye mpini mrefu, kabla ya siku ya upasuaji.

Muscat au hapa? Sina ubishi na Muscat. Anza na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ambayo madaktari wake wa mgongo wamefanya kazi na kujifunza pamoja na wenzao wa Weill Cornell ya New York kwa miaka mingi. Popote utakapokwenda, muulize daktari atakayeshika kisu amefanya wangapi kama wewe kwa njia anayokupendekezea, na wangapi walirudi thieta. Muulize kama ana mtaalamu wa kufuatilia mishipa ya fahamu kwa umeme wakati wa upasuaji. Kwa njia ya ubavuni bila huyo, mimi ningekataa. Muulize pia nani atakayekupiga eksirei mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili, na kama yule wa Tanga au Dar atapewa orodha ya skrubu ulizowekewa, kampuni na vipimo vyake. Vyuma hutofautiana, na mgonjwa anayerudi na skrubu iliyolegea bila karatasi hiyo hutuchelewesha wiki nzima tukitafuta bisibisi inayoingia.

Nitumie hizo picha mbili, ya kusimama na ya kulala, zikiwa kwenye CD na si kupigwa kwa simu. Na uniulizie jambo moja kwa fundi wako wa cherehani, akutazamie kwenye daftari lake la vipimo: mwaka gani alianza kupandisha pindo la kulia, vidole vingapi mwanzoni na vingapi sasa. Hakuna hospitali iliyokupiga eksirei miaka hiyo yote, kwa hiyo daftari hilo ndilo litakaloniambia mgongo wako unapinda kwa kasi gani.